Shajara ya mradi: protini ambazo jenomu ya kipindupindu inatabiri, na zile zinazoonekana kweli

Shajara hii tunaiandika kwa ajili ya mtu anayetaka kurudia kazi hii akiwa na laptopu moja, diski ya nje na bando la intaneti. Kazi yenyewe ni hii: tunachukua jenomu, yaani DNA yote, ya Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, tunaorodhesha protini zote ambazo programu inatabiri kwamba bakteria huyo anaweza kuzitengeneza, kisha tunailinganisha orodha hiyo na protini zilizopimwa kwa spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Tuko wawili hapa Mwanza, mimi nikishughulika na kompyuta na mwenzangu ni mteknolojia wa maabara ambaye humu namwita Dada. Bakteria hai hatugusi. Data zote za protini tumezichukua PRIDE, hifadhi ya wazi iliyoko Uingereza ambako watafiti huweka vipimo vyao vya spektromita ili wengine wavitumie.

Tungeweza kuchagua E. coli, bakteria wa utumbo anayetumika sana maabara, ambaye kazi juu yake ni nyingi. Mwaka 1997, jenomu ya E. coli K-12 ilipochapishwa, Andrew Link, Keith Robison na George Church walikuwa wameshalinganisha protini zake zilizotenganishwa kwenye jeli na zile zilizotabiriwa. Lakini huku kwetu kipindupindu tunakijua kwa majina ya watu. Kiliingia Tanzania mwaka 1974, na hadi leo kinarudi kwenye mialo na visiwa ambako maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa. Ukiishi Kirumba, hapa Mwanza, huhitaji kushawishiwa kwamba kimelea hiki kinastahili usiku wako.

Swali tulilolishika ni dogo. Sumu ya kipindupindu ina sehemu A na sehemu B. Jeni ya sehemu B, ctxB, inatabiri protini (tunayoiandika CtxB) ya asidi amino 124, yaani viungo vinavyoijenga, kila kimoja kikiandikwa kwa herufi moja. Je, protini inayoonekana kweli inaanzia wapi?

8 Februari 2025: Jenomu ina kromosomu mbili

Tumechagua aina ya N16961, ya kundi O1, tawi la El Tor. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2000 na hutumika sana kama rejea. Ina besi (herufi za DNA) 4,033,460, ila haziko kwenye uzi mmoja: kromosomu ya kwanza ina besi 2,961,146 na ya pili 1,072,314. Waliochapisha walitabiri jeni za protini 3,885, yaani 2,770 kwenye ya kwanza na 1,115 kwenye ya pili.

Tarakimu hizi nimeziweka kwa makusudi, maana ndipo tulipokwama mara ya kwanza. GenBank, hifadhi ya wazi ya DNA, inazihifadhi kromosomu hizo kama rekodi mbili, AE003852 na AE003853. Ukipakua ile ya kwanza na kuondoka, hakuna kitakachokuonya. Orodha inatoka ndefu, programu inakwenda hadi mwisho, na matokeo yanapatikana. Kilichotushtua ni kutoiona hata kwenye orodha ya utabiri HlyA, protini inayopasua chembe za damu. Jeni yake ni VCA0219, na herufi A baada ya VC maana yake ni kromosomu ya pili. Tatizo hili linazidi kukosa jina moja. Kipimo ambacho protini yake halisi haimo kwenye orodha hakibaki kimya, bali kinatafuta inayofanana nacho kwa karibu, na baadhi ya vipimo hivyo vitapata mechi ya uongo yenye alama nzuri. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote, hesabu besi zote za faili lako. Zisipofika milioni nne, simama.

Tulitengeneza pia utabiri wetu wenyewe kwa Prodigal, programu ya bure inayomaliza jenomu nzima ndani ya sekunde chache. Orodha yake na ile ya mwaka 2000 zinakubaliana zaidi kwenye miisho ya jeni kuliko kwenye mianzo. Inaeleweka: mwisho wa jeni ni kodoni (besi tatu zinazosomwa pamoja) ya kusimama, nayo ipo au haipo. Mwanzo ndio unaokisiwa. Ndani ya fremu moja, yaani njia moja ya kuzigawa besi tatu tatu, kodoni ya kuanzia, ATG, inaweza kuwemo mara tatu mfululizo, na programu huchagua mojawapo kwa kuangalia, pamoja na mengine, kama nyuma yake kuna mfuatano unaofanana na AGGAGG, ule ambao John Shine na Lynn Dalgarno waliueleza mwaka 1974 kuwa ndio ribosomu inaoushika. Uchaguzi huo ni mzuri, ila ni makisio, na mradi wetu wote unasimama hapo.

15 Februari 2025: Kupakua na umeme

Kwa ufupi. Faili za spektromita ni kubwa, moja inaweza kukaribia gigabaiti. Tulipakua usiku kwa bando la usiku, kwa amri ya wget -c, ambayo muunganisho ukikatika inaendelea ilipoishia. Baada ya kupakua, linganisha namba ya ukaguzi ya kila faili na ile iliyotolewa na hifadhi. Faili lililopungua kidogo linafunguka bila malalamiko, kisha linakufa katikati ya kazi.

Kubadilisha faili za mashine kuwa mzML, muundo wa wazi wa faili za vipimo, tulitumia ThermoRawFileParser, kwa sababu inakwenda kwenye Linux. Umeme ulikatika wakati wa kubadilisha, na mzML zilizokuwa zinaandikwa wakati huo zikabaki bila mkia. Tulinunua UPS iliyotumika, Sh120,000, na tangu hapo skripti inaandika faili kwa jina la muda, kisha inalibadilisha jina kazi ikikamilika. Anayeanza leo aanze na hilo la jina la muda. Halina gharama.

1 Machi 2025: Utafutaji wa kwanza haukuiona sumu kabisa

Kwa wasiojua mtambo unavyofanya kazi: protini hukatwa kwanza kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya laisini (K) na arjinini (R), isipokuwa pale zinapofuatwa na prolini. Vipande vinavyopatikana, yaani peptidi, hupimwa uzito, kisha hupasuliwa na mapande yake nayo hupimwa. Programu ya kutafuta, sisi tunatumia Comet, inachukua kila protini iliyotabiriwa, inaikata kwenye kompyuta kwa kanuni hiyo hiyo, na kulinganisha uzito. Ili kujua mechi ngapi ni za bahati tu, orodha huongezewa protini za chambo, ambazo ni zile zile zilizoandikwa kinyumenyume. Hakuna bakteria mwenye protini hizo, kwa hiyo kila mechi inayoangukia huko inatuonyesha ukubwa wa uongo. Tunakata pale uongo unapokadiriwa kuwa asilimia 1.

Seti ya kwanza ilitoka kwenye seli zilizooteshwa katika LB, chakula cha bakteria cha kila maabara. Zile tulizozitarajia zilikuja kwa wingi: OmpU ya utando wa nje, EF-Tu inayosaidia ribosomu, GroEL inayokunja protini nyingine. CtxB haikuwepo, hata kipande kimoja. Nilibadilisha vigezo vya uzito, nikabadilisha toleo la programu, nikarudia utabiri. Hakuna.

Dada alipoona jina la LB kwenye maelezo ya data alicheka kidogo, akaniambia: "Kaka, huyo El Tor ukimwotesha kwenye LB sumu haitoi ya maana. Tafuta waliomwotesha kwenye AKI, na usiangalie seli, angalia majimaji."

Maneno hayo yalituokolea muda mwingi kuliko kigezo chochote. AKI ni midia yenye peptoni, dondoo ya hamira, chumvi na sodiamu baikaboneti. Bakteria huachwa kwanza imetulia kwa saa kadhaa, kisha ndipo hutikiswa. Baikaboneti huamsha ToxT, protini inayowasha jeni za sumu. Sumu ikishatengenezwa husukumwa nje ya seli, kwa hiyo baada ya sentrifuji sehemu kubwa iko kwenye majimaji ya juu, na zile seli zilizotuama chini zina kidogo.

Mtu wa kompyuta peke yake angeweza kuandika hapa kwamba utabiri wa jeni ulikuwa na kasoro. Jeni ilikuwa sawasawa. Bakteria hakuwa na sababu ya kuitumia.

15 Machi 2025: Vipande vya katikati vimekuja, cha mwanzo hakijaja

Tulipata seti ya N16961 ya AKI, majimaji ya juu. Sasa CtxB ipo. Peptidi IFSYTESLAGK ilionekana vizuri, na NGAIFQVEVPGSQHIDSQK pia. Lakini tunachokitafuta ni mwanzo, na mwanzo haukuonekana. Hapa palikuwa na vizuizi viwili vilivyopandana. Kila kimoja peke yake kilitosha kuuficha, na ndiyo maana kurekebisha kimoja kimoja hakukuonyesha tofauti yoyote.

Kizuizi cha kwanza ni sisteini, asidi amino yenye salfa. Kabla ya kukata protini, maabara nyingi huvunja vifungo vya salfa kwa kemikali ya DTT, kisha huziba kila sisteini kwa iodoasetamidi isije ikajifunga tena. Kuziba huko kunaongeza daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 57.021 kwa kila sisteini. Programu isipoambiwa, kila peptidi yenye sisteini inakuwa na uzito usiolingana na chochote. Faili la vigezo tulilorithi kutoka kazi nyingine lilikuwa na 0 kwenye mstari wa add_C_cysteine. Inatakiwa 57.021464. Sehemu B ya sumu ina sisteini mbili, ya 9 na ya 86, zilizoshikana. Ile ya 9 iko ndani ya peptidi ya mwanzo kabisa.

Kizuizi cha pili ndicho kiini cha mradi. Mfuatano uliotabiriwa wa CtxB unaanza hivi:

MIKLKFGVFFTVLLSSAYAHGTPQNITDLCAEYHNTQIYTLNDK...

Herufi 21 za mwanzo ni peptidi ya ishara. Kazi yake ni kuielekeza protini ipite kwenye utando wa ndani, na ikishapita kimeng'enya kiitwacho peptidasi ya ishara huikata. Protini iliyokomaa inabaki na asidi amino 103. Sasa tazama: tripsini hukata baada ya K na R, lakini mwanzo mpya wa protini haukukatwa na tripsini. Umekatwa na bakteria mwenyewe baada ya G. Programu iliyoamriwa kwamba kila peptidi lazima iwe na ncha mbili za tripsini haitaijaribu kamwe peptidi hiyo. Inajaribu FGVFFTVLLSSAYAHGTPQNITDLCAEYHNTQIYTLNDK nzima, kitu ambacho kwenye majimaji yale hakipo.

Tulibadilisha num_enzyme_termini kutoka 2 kuwa 1, ili ncha moja tu ndiyo ilazimike kuwa ya tripsini. Tukaweka na sisteini sawa. Ikaja: TPQNITDLCAEYHNTQIYTLNDK, asidi amino 23, uzito daltoni 2,751.28 ikiwa na sisteini iliyozibwa. Ikiwa na chaji tatu inaonekana kwenye 918.10. Yeyote anayerudia kazi hii ahakikishe namba hiyo kwa mkono kabla ya kuiamini programu, sisi tuliijumlisha kwenye karatasi.

Kuna jambo limenifurahisha hapa kuliko yote mpaka sasa. Miaka ya 1980 Gunnar von Heijne alionyesha kwamba peptidasi ya ishara hupenda asidi amino ndogo mahali pa mwisho kabla ya mkato na mahali pa tatu kabla yake. Tazama herufi AYAHG. Ukikata baada ya A ya pili, una A na A. Ukikata baada ya G, una A na G. Mikato yote miwili inatii kanuni, na kwa kanuni hiyo peke yake huwezi kuamua. Tulitafuta kwa makusudi peptidi ya mkato ule mwingine, ambayo ingeanza na HGTPQN na kuwa na daltoni 2,945.36. Haimo. Ya TPQN imo, na inaonekana kwa nguvu. Wanakemia walioisoma sehemu B asidi amino moja baada ya nyingine katika miaka ya 1970, kabla jeni yake haijasomwa na mtu yeyote, walianza na TPQN hiyo hiyo.

5 Aprili 2025: Fremu sita, na uongo unapohamia

Hatua hii inauliza: je, kuna protini zinazoonekana ambazo hakuna aliyezitabiri? Ili kujua, unaacha utabiri kando na kutafsiri jenomu nzima katika fremu zote sita, tatu kwa kila upande wa DNA. Tulitumia getorf, programu ya mkusanyiko wa EMBOSS, na jedwali la kodoni namba 11, lile la bakteria.

Laptopu ya gigabaiti 8 ililemewa. Besi milioni nne katika fremu sita ni zaidi ya asidi amino milioni nane, karibu mara saba ya protini zilizotabiriwa, na ukiruhusu ncha moja huru mzigo unaongezeka tena. Tuliongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 16 kwa Sh90,000, na tukagawa faili za vipimo mafungu mafungu. Hilo lilikuwa jepesi.

Gumu ni takwimu. Matokeo ya kwanza yalijaa peptidi mpya, na kwa jioni moja tuliona kama tumegundua mambo. Fikiria hivi. Tuseme una mechi 10,000 na kiwango cha uongo ni asilimia 1, yaani mechi 100 za uongo. Za kweli karibu zote zinaangukia protini zinazojulikana, kwa sababu wataalamu wametabiri vizuri. Lakini za uongo hazichagui. Zinasambaa kulingana na ukubwa wa eneo. Eneo jipya ni takriban sita ya saba ya orodha, kwa hiyo mechi kama 85 za uongo zitaangukia huko. Ukiwa na peptidi mpya 120, kumbe 85 ni hewa. Asilimia 1 uliyoiandika ni ya orodha nzima, na huko kwenye eneo jipya uongo umefika zaidi ya theluthi mbili.

Dawa yake ni kukadiria uongo wa kundi la mapya peke yake, kwa kutumia chambo za kundi hilo peke yake. Tulipofanya hivyo orodha ilianguka sana. Kisha tukachuja tena kwa maswali matatu, na kila swali liliondoa baadhi.

Kwanza, je, tofauti ni lusini na isolusini tu? Zina uzito mmoja, na kwa vipimo vya kawaida hazitofautishiki. Peptidi mpya inayofanana na ya zamani isipokuwa I imekuwa L si mpya. Pili, je, ni peptidi ya zamani iliyobadilika kikemia? Asparajini ikipoteza kundi lake la amini huwa asidi aspatiki, na uzito huongezeka kwa 0.984. Ukiwa umesahau kuruhusu badiliko hilo, programu itakwenda kutafuta mfuatano mwingine wenye uzito huo, na katika fremu sita mara nyingine itaupata. Tatu, je, ni ya bakteria kweli? Keratini ya ngozi na nywele za binadamu imo karibu kwenye kila kipimo cha protini duniani, pamoja na tripsini yenyewe na protini za maziwa kutoka kwenye midia. Orodha ya uchafu huu lazima iwemo tangu mwanzo. Bila hiyo keratini inalazimika kutafuta kwao mahali pengine.

Na suala la GTG limetuchukua muda wa peke yake. Katika E. coli, jeni zaidi ya moja katika kumi haianzi na ATG bali na GTG, na chache na TTG. Mfano unaofundishwa ni lacI. Katikati ya jeni GTG ni valini, lakini ikiwa mwanzo ribosomu huweka methionini kama kawaida. getorf haijui mwanzo uko wapi, kwa hiyo inaandika V. Peptidi halisi yenye M haitalingana kamwe. Tena, methionini hiyo mara nyingi huondolewa, hasa inapofuatwa na asidi amino ndogo kama alanini, glisini au serini. Tuliandika skripti fupi inayopita kila fremu, na penye GTG au TTG inaongeza matoleo mawili, moja lenye M na moja lisilo nayo. Prodigal inaweka M yenyewe, kwa hiyo tatizo hili ni la fremu sita tu. Waliotumia fremu sita bila kurekebisha hili wameipoteza mianzo ile ile waliyokuwa wanaitafuta.

Tulichobaki nacho ni orodha fupi, na sehemu yake kubwa ni mianzo iliyosogea: peptidi inayoangukia kabla ya mwanzo uliotabiriwa, ndani ya fremu ile ile. Hizo ndizo ninazoziamini zaidi. Jeni inajulikana, ila inaanza mapema kuliko ilivyoandikwa. Kila moja tunaidai peptidi ya pili kabla ya kuiweka kwenye jedwali.

26 Aprili 2025: Zilizotabiriwa ambazo hazikuonekana

Orodha hii ni ndefu, na ndipo mtu anapoweza kusema maneno mazito bila haki. Orodha ya jeni ni kama daftari la wapiga kura: jina lako kuwamo hakusemi kwamba siku ile ulifika kituoni.

Mfano wa kwanza ni HapR, mdhibiti mkuu anayepima wingi wa bakteria wenzake. Jeni yake, VC0583, ina hitilafu katika N16961 inayohamisha fremu, kwa hiyo sehemu ya baada ya hitilafu haiwezi kusomwa sawasawa. Peptidi za sehemu hiyo hatukuziona. Nilitaka kuandika kwamba tumethibitisha hitilafu, Dada akanizuia, na alikuwa na haki: wadhibiti wa jeni huwa wachache ndani ya seli, hivyo hata HapR iliyo nzima ingeweza kutuponyoka. Jedwali letu sasa lina safu mbili, moja ya "haikuonekana" na nyingine ya "isingeweza kuonekana". Katika safu ya pili zinaingia protini za utando zenye K na R chache mno, ambazo vipande vyake vinatoka virefu kupita kiasi, na protini ndogo sana ambazo zina peptidi moja tu ya kufaa au hazina kabisa.

Kromosomu ya pili ina eneo la takriban besi 125,000, integroni kubwa (ghala la jeni zilizokusanywa kutoka kwingine), lililojaa jeni ndogo zisizojulikana kazi yake. Huko kimya kimetawala. Sidhani ni kosa la utabiri. Ni akiba ambayo bakteria huibeba na kuifungua kwa zamu.

Mfano wa pili ni sehemu A ya sumu. Baada ya kutoka kwenye seli, hukatwa karibu na arjinini ya 192 ili igawanyike A1 na A2, na bila mkato huo haifanyi kazi yake kwa nguvu zote ndani ya utumbo. Tungependa kuuona. Lakini tripsini nayo inakata baada ya arjinini, kwa hiyo mkato wa asili na mkato wa maabara vinatoa peptidi ile ile. Hakuna kigezo cha Comet kitakachovitenganisha. Dawa ni kimeng'enya kingine, kwa mfano Glu-C, kinachokata baada ya asidi glutamiki.

17 Mei 2025: Pale ambapo protini haioni, jenomu inaona

Hatua hii haikuhitaji vipimo vipya, ila imegeuza mawazo yetu juu ya mradi mzima.

CtxB ina matoleo kadhaa. Lile la El Tor la zamani, ambalo N16961 analo, lina tairosini mahali pa 39 na isolusini mahali pa 68, ukihesabu na peptidi ya ishara. Toleo la klasiki, la tawi jingine la kundi O1, lina histidini na threonini mahali hapo. Spektromita inayaona yote mawili: peptidi ya mwanzo inapungua daltoni 26.004 na kuwa 2,725.28, na NGAIFQVEVPGSQHIDSQK inakuwa NGATFQVEVPGSQHIDSQK, imepungua 12.036. Tulizikata zote kwenye kompyuta na tofauti ikatoka wazi.

Kisha tukaweka ctxB7, toleo lililojulikana sana baada ya mlipuko wa Haiti wa mwaka 2010. Linatofautiana na la klasiki kwa asidi amino moja tu, mahali pa 20, ambapo histidini imekuwa asparajini. Mahali pa 20 ni ndani ya peptidi ya ishara, herufi moja kabla ya mwisho wake. Ikikatwa, inakwenda nayo. Sumu iliyokomaa ya matoleo haya mawili ni moja, asidi amino 103 zinazofanana zote. Peptidi pekee ya tripsini inayoyatenganisha ni ile ndefu inayoanza na FGVFF, ambayo ina ndani yake kifungo kilichokwisha kuvunjwa na bakteria.

Kwa hiyo maabara inayopima protini peke yake, hata iwe na mashine ya gharama gani, haiwezi kusema kama sumu iliyoko mbele yake ni ya toleo hili au lile. Anayesoma DNA anajua mara moja. Nilianza mradi huu nikiiona protini kama shahidi na jenomu kama uvumi. Kwa ctxB7 mambo ni kinyume, na kwa mtu anayefuatilia kipindupindu kimetoka wapi na kuingia mwalo upi, tofauti hiyo iliyokatwa na kutupwa ndiyo anayoihitaji.

24 Mei 2025: Gharama, vigezo na kinachofuata

Diski ya nje ya terabaiti 1 ilikuwa Sh160,000, UPS Sh120,000, kumbukumbu Sh90,000. Bando sikuliandika tangu mwanzo, lakini ndilo lililokula zaidi ya vyote. Anayeanza apakue faili za majimaji ya juu tu, si seti nzima. Programu zote ni za bure.

Vigezo vya kunakili kwenye Comet: add_C_cysteine = 57.021464; num_enzyme_termini = 1 kwa kutafuta mianzo, na 2 kwa kazi nyingine zote maana inamaliza haraka; clip_nterm_methionine = 1; ruhusu oksijeni kwenye methionini na kupotea kwa amini kwenye asparajini. Kromosomu zote mbili. Orodha ya uchafu ndani. Uongo wa mapya ukadiriwe peke yake.

HlyA ndiyo inayofuata. Utabiri wake ni wa kilodaltoni 82, na iliyokomaa ni 65, kwa sababu baada ya peptidi ya ishara kuondoka kuna kipande kingine kinachokatwa nje ya seli. Tutautafuta mkato huo kwa njia ile ile ya ncha moja. Kwa sehemu A ya sumu tunahitaji data ya Glu-C ya majimaji ya AKI, na bado hatujaipata. Dada ameanza kuchambua ctxB kwenye jenomu za Tanzania zilizowekwa wazi, akianza na mahali pa 20.